Lori Dogo la Gengi: Taabu Zake na Matengenezo Yake
(Maneno yaliyosomwa mbele ya mkutano wa tawi, Mtito Andei)



Kamati ilituomba tuseme habari za lori dogo linalotuchukua asubuhi pamoja na sururu, mitaimbo, jeki za reli, pipa la maji na sufuria ya chai. Sisi si mafundi wenye cheti. Sisi ni watu wa njia ya reli. Shule yetu ilikuwa ya misheni na ilikwisha darasa la mwisho la msingi, na mengi tuyajuayo juu ya gari tumeyajua tukiwa tumelala chini yake juu ya gunia. Twasema “sisi” kwa sababu maneno haya yametoka kwa dereva, kwa taniboi, na kwa gengi zima. Aliyeyaandika ni karani wao tu. Kama yuko fundi hapa na akaona tumekosea, na ainue mkono. Hatutakasirika.

Lori la namna hii mwalijua nyote. Kichwa chake kifupi kimekaa juu ya injini, magurudumu ni sita, na hunywa dizeli. Watu huliita Canter, hata likiwa ni Isuzu. Mitsubishi walileta Canter yao mwaka wa 1963, na Isuzu walianza kutengeneza Elf mwaka wa 1959, kwa hiyo si gari geni duniani, wala si gari baya. Ubaya mwingi tunautia sisi tulitumialo, na wenye magari wanaotaka likimbie bila kutumia senti.

Twaanza na breki, maana nusura tusiwepo hapa leo kwa ajili yake.

Mwaka jana, wakati wa kiangazi, tulitoka hapa Mtito saa kumi na mbili na nusu asubuhi kushuka upande wa Tsavo. Tulikuwa kumi na mmoja nyuma. (Habari ya kubeba watu nyuma ya lori la mizigo ni kesi nyingine, na Kamati inayo mkononi.) Barabara ile huteremka polepole. Haina mlima wa kutisha, na hatari iko hapo hapo, kwa kuwa dereva huiona kama tambarare na kuliachia gari. Mbele yetu malori makubwa ya makontena yalikuwa yamesimama, ndovu wakivuka. Dereva wetu akakanyaga breki, pedeli ikazama mpaka chini kama mguu ulioingia katika uji.

Hakupiga kelele. Alikanyaga mara ya pili na ya tatu, upesi upesi, akapata nguvu kidogo. Akavuta kile kijiti kilicho karibu na stelingi, cha breki ya moshi, yaani ile inayoziba bomba la moshi ili injini ijizuie yenyewe. Akashusha gia kutoka ya nne kwenda ya tatu, kisha ya pili, injini ikalia kama ng'ombe. Mwendo ulipokwisha kupungua akavuta breki ya mkono kidogo kidogo, akaliacha lori lipande kwenye mchanga wa kando. Tulisimama tukiwa tumegonga kisiki. Bampa ilipinda, taa moja ikavunjika, na mwenzetu mmoja akavunjika kidole. Ndovu walituangalia, wakaenda zao.

Angalieni alivyofanya kwa mpango. Breki ya mkono katika malori mengi ya namna hii haishiki magurudumu. Ina dramu yake ndogo nyuma ya gia boksi, nayo hushika ile propela inayopeleka nguvu nyuma. Kwa hiyo mafuta ya breki yakimwagika yote, hiyo bado ipo, kwa kuwa huvutwa kwa waya. Lakini mtu akiivuta kwa nguvu gari likiwa katika mbio, aweza kuikata propela au kuyafunga magurudumu ya nyuma na kulipindua lori. Gia kwanza, breki ya moshi pamoja nayo, mkono mwisho.

Tulipolifungua gurudumu la nyuma la kushoto tuliona habari yote. Ndani ya dramu mna silinda ndogo yenye vipira viwili, navyo husukuma viatu vya breki. Vipira vile vilikuwa vimevimba kama maharagwe yaliyolowa usiku kucha, na mafuta yamemwagika mpaka juu ya viatu. Sababu ni kwamba siku moja mafuta ya breki yalikosekana, mtu akatia mafuta ya injini katika kopo la breki. Akadhani mafuta ni mafuta. Sivyo kabisa. Mafuta ya breki hayatokani na mafuta ya mashine, na vipira vyake vimetengenezwa kwa ajili yake. Ukitia mafuta ya injini hata kikombe kimoja, vipira vyote huvimba, vya juu na vya magurudumuni. Hapo hapana dawa ndogo. Vipira vyote hubadilishwa, na mabomba huoshwa kwa mafuta mapya ya breki mpaka yatoke safi. Wengine hutia maji ya sabuni ili wafike nyumbani, na hilo nalo tumeliona hapa barabarani. Maji huchemka upesi dramu zikipata moto, na mvuke hausukumi kitu.

Tena hata mafuta yenyewe huzeeka. Huvuta unyevu wa hewani. Yale yaandikwayo DOT 3 yakiwa mapya huchemka kwenye digrii 205, lakini yakiisha kunywa unyevu kiasi kilichowekwa katika vipimo vya watengenezaji, huchemka kwenye digrii 140 tu. Ndiyo maana pedeli huwa laini mkishuka mteremko mrefu, halafu mkipumzika nusu saa hurudi ngumu, na dereva husema, “Ah, imepona.” Haikupona. Mafuta yalichemka, sasa yamepoa. Badilisheni kila miaka miwili, na chupa iliyokaa wazi msiitumie.

Asubuhi, kabla watu hawajapanda, dereva na afanye hivi. Injini ikiwa imezimwa, akanyage pedeli mara nne au tano mpaka iwe ngumu, aishike hapo hapo, halafu awashe injini. Pedeli ikishuka kidogo chini ya mguu, busta ni nzima. Isiposhuka, ile hewa ya kusaidia breki haipo: labda mpira wake umepasuka, labda pampu yake imechoka. Kisha aendelee kuishika kwa muda. Ikizidi kuzama polepole, mafuta yanapita mahali. Taniboi naye azunguke achungulie ndani ya kila gurudumu kwa upande wa ndani. Tairi likiwa na unyevu wa mafuta, lori halitoki.

Na hapa tuseme juu ya mchezo wa kuteremka gia ikiwa huru na injini imezimwa ili kupunguza dizeli. Injini ikizimwa, pampu ya busta husimama. Mnabaki na mikanyago miwili au mitatu yenye nguvu, basi. Na kama stelingi ni ya kusaidiwa na pampu, nayo hugeuka kuwa ngumu kama jiwe. Dereva anayefanya hivyo huokoa lita moja akiuza watu kumi na mmoja.

Sasa twaja kwenye jambo lililofanya Kamati itake maneno haya yasomwe.

Siku ya tatu baada ya ajali ile, mwenye gari alimwandikia dereva barua kwamba atakatwa mshahara kwa ajili ya bampa, taa, na kazi ya breki. Lori lile ni la kukodi, na dereva ni mtu wa mwenye gari, lakini ni mwanachama kama sisi. Alikuja ofisini kwa Katibu ameishika barua kwa mikono miwili. Ana watoto wanne, na mmoja alikuwa akingojewa karo.

Katibu akauliza, “Ulikuwa umesema habari ya breki kabla ya siku ile?” Akajibu kwamba alisema mara nyingi. “Umeandika wapi?” Dereva akanyamaza. Alisema kwa mdomo, na mwenye gari alikuwa akikana kwamba aliambiwa.

Ndipo taniboi, kijana ambaye wengi humwona kama mtu wa kubeba jeki tu, akasema ana daftari. Ni daftari la shule la kurasa 48, limejaa grisi. Kila siku alikuwa akiandika vitu alivyotia katika gari, kwa kuwa alihofia asije akaambiwa ameiba dizeli. Mle ndani, katika majuma mawili kabla ya ajali, mlikuwa na mistari mitatu: “Mafuta ya breki yameongezwa. Tajiri ameambiwa kwa simu.” Tarehe ipo, saa ipo. Mstari wa tatu ulisema, “Hakuna mafuta ya breki. Tajiri amesema tutie yoyote.”

Mafuta ya breki hayapungui upesi hivyo yenyewe, yana pa kwenda. Viatu vikilika hupungua kidogo kwa miezi. Mara tatu kwa majuma mawili ni tundu, na mtu yeyote ajuaye gari akisoma mistari ile ataliona tundu lenyewe.

Katibu alilichukua daftari pamoja na sheria. Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007, kifungu cha 19, yampa mwajiri ruhusa ya kukata mshahara kwa ajili ya mali yake iliyoharibika, lakini kwa kiasi kinachofaa tu, na ikiwa uharibifu umetokana na kosa la makusudi la mfanyakazi. Makusudi! Tena kifungu hicho hicho chasema makato yote pamoja yasizidi theluthi mbili za mshahara. Mtu aliyetoa habari ya breki mara tatu hakuvunja breki kwa makusudi. Nayo Sheria ya Usalama na Afya Kazini, ya mwaka huo huo wa 2007, yamtaka mfanyakazi amwambie msimamizi wake akiona hatari kubwa iliyo karibu, na yamkataza mwajiri kumrudisha mtu penye hatari hiyo kabla haijatengenezwa. Barua ile ilirudishwa. Dereva hakukatwa hata senti, na ndugu yetu wa kidole aliandikiwa fomu ya fidia.

Lakini tuseme kweli. Makosa mengine yalikuwa yetu. Sisi tuliokaa nyuma tulijua pedeli ni laini, dereva alikuwa akisema kila siku, nasi tulicheka na kumwambia aongeze mguu. Hakuna aliyesema, “Hatupandi.” Kupanda lori bovu tulikuona ni uanaume. Ilitupasa kushuka.

Kwa hiyo daftari sasa ni jambo la tawi. Liko moja kwa kila lori. Huandikwa tarehe, kasoro, nani ameambiwa, na saa ngapi, na msimamizi hutia sahihi. Akikataa kutia sahihi, andikeni kwamba amekataa, na mashahidi wawili watie zao.

Basi tuendelee na gari, muda usije ukatuishia. Taabu ya pili hapa kwetu ni injini kuchemka. Wageni husema ni jua la Mtito. Jua lina sehemu yake, lakini mara nyingi rejeta imezibwa. Vumbi letu jekundu na mbegu za nyasi huingia katikati ya mapezi yake, zikakutana na mafuta kidogo, zikawa tofali. Ukiitazama kwa mbele waiona safi. Chungulia kwa nyuma, upande wa feni. Ioshe ikiwa imepoa, maji yakitoka upande wa injini kwenda mbele, tena polepole, maana maji ya nguvu huyalaza mapezi.

Ndani nako kuna mambo. Maji ya visima vingi vya upande huu yana chumvi. Kila mama ajua ule ukoko mweupe katika sufuria. Ukoko huo huo hukaa katika mirija ya rejeta na katika injini. Tieni maji maalumu ya rejeta yanayouzwa madukani, na yakikosekana tieni maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati.

Mafundi wengi wa kando ya barabara hupenda kuitoa thamostati na kuitupa. Husema, “Sasa maji yatapita bila kizuizi.” Katika injini nyingine njia ya mkato hubaki wazi, maji yakazunguka ndani bila kupita rejeta, na gari likazidi kuchemka. Na likiwa baridi mno, hula dizeli na kuzichakaza silinda. Ipimeni kabla ya kuitupa. Ifungeni kwa uzi, itieni katika sufuria ya maji jikoni. Maji yakikaribia kuchemka yapasa ifunguke yenyewe mbele ya macho yenu, na yakipoa ifunge. Ikifanya hivyo ni nzima, irudisheni.

Mshale ukipanda mkiwa njiani kwenda Kibwezi na mzigo, simameni. Mkanda wa feni ukiwa umekatika, au maji yakimwagika, zimeni mara moja. Kama sivyo, iacheni injini inguruma polepole dakika chache ipoe kwa feni yake. Mfuniko msiuguse. Mwenzetu mmoja ana kovu kutoka kiganjani mpaka kiwiko kwa haraka ya dakika tano. Wala msimwage maji baridi ndani ya injini yenye moto, maana hedi hupasuka, na hedi ni mshahara wa miezi. Mkiona moshi mweupe usiokwisha, mapovu katika rejeta, na mafuta ya injini yamekuwa kama chai ya maziwa, gasketi ya hedi imekwenda. Hapo vuteni gari, msiliendeshe.

Dizeli. Ile iuzwayo kwa madebe vichakani ni rahisi, lakini mara nyingi imechanganywa na mafuta ya taa. Uchanganyaji ulizidi mpaka mwaka wa 2018 Serikali ikatoza mafuta ya taa shilingi 18 zaidi kwa kila lita ili kuukomesha. Mafuta ya taa hayana ule utelezi wa kuilainisha pampu ya dizeli, na pampu ikilika, lori hukosa nguvu na kuwa gumu kuwaka. Maji nayo hukusanyika chini ya filta. Fungueni kile kizibo kila juma mpaka itoke dizeli tupu. Lori likiishiwa na dizeli njiani, kujaza tanki peke yake hakutoshi, kwa sababu hewa imeingia katika mabomba. Legezeni skrubu iliyo juu ya filta, pigeni pampu ya mkono mpaka mapovu yaishe na dizeli itoke nzima, kazeni, ndipo mwashe. Wengi huchosha betri bure kwa kutojua hili, na lori la betri mbili zilizoungana kuwa volti 24 haliwezi kusaidiwa na pikapu ya volti 12.

Nati za magurudumu zataka maneno. Katika mengi ya malori haya ya Kijapani, upande wa kushoto nati hufunguliwa kinyume, yaani kwa kuzungusha kama vile unavyofunga. Tumeona bolti zikikatwa na vijana wenye nguvu wasiojua. Nyuma, penye magurudumu mawili mawili, mna nati ya ndani na nati ya nje. Huwezi kuikaza ya ndani bila kwanza kuilegeza ya nje. Mtu akikaza ya nje peke yake hujiona amemaliza, na gurudumu la ndani lacheza mpaka bolti zikatike. Kila mkibadilisha tairi, kazeni tena baada ya kilometa 50 hivi. Na mkiona kutu nyekundu ikitiririka kutoka kwenye nati, hiyo imelegea. Jiwe likibanwa katikati ya matairi mawili, litoeni hapo hapo.

Springi twajua sababu yake, ni mzigo. Jani moja likikatika, msilifunge kwa kamba ya mpira na kuendelea. Klachi huungua kwa dereva anayepumzisha mguu juu yake.

La mwisho ni kichwa cha lori kinapoinamishwa mbele ili injini ionekane. Kabla mtu hajaingiza kichwa chake chini, ule mhimili wa chuma uwe umesimama na pini yake imeingia. Kikirudishwa, vuteni kwa mkono kuhakikisha kufuli imeshika, maana kikifunguka wakati wa breki, dereva atakiangukia kioo.

Na mkikwama kati ya hapa na Tsavo, msimtume mtu kwa miguu. Barabara imepita kati ya mbuga mbili, na kila mtu wa reli ajua waliyoyapata wajenzi wa daraja la Tsavo mwaka wa 1898 kwa simba. Kaeni katika gari, tieni alama nyuma na mbele, pigeni simu.

Jumamosi ijayo saa tatu asubuhi tutaliinua lori nyuma ya ofisi ya tawi na kufungua dramu moja, kila mtu aone silinda ile na vipira vyake, na jinsi ya kurekebisha viatu: kukaza mpaka gurudumu likwaruze, kisha kulegeza kidogo mpaka lizunguke huru. Vile vipira vilivyovimba tumevihifadhi katika kopo, vitapitishwa mkono kwa mkono. Madaftari mapya yako kwa Katibu, moja kwa kila lori, na taniboi ndiye atakayelichukua. Chai itakuwepo. Njooni na matambara ya zamani, na mwenye spana namba 17 asiisahau, yetu imepotea.